Somo: Kuifanya Bacillus subtilis 168 ipokee DNA ya nje

Aina ya 168 ya bakteria huyu haiwezi kujitengenezea triptofani (asidi amino), kwa kuwa jeni lake la trpC ni bovu. Ukiipa DNA ya aina yenye trpC nzima, seli zilizopokea zitaota kwenye sahani isiyo na triptofani. John Spizizen alilionyesha hili mwaka 1958, kwa aina hiyohiyo.

1. Chumvi, kwa lita: (NH4)2SO4 gramu 2, K2HPO4 14, KH2PO4 6, sitreti ya sodiamu 1, MgSO4·7H2O 0.2. Ongeza glukosi 0.5%, kaseini iliyovunjwa kwa asidi 0.02% na triptofani mikrogramu 50 kwa mililita.

2. Otesha kwa 37°C ukitikisa, ukipima OD600 (ukungu wa seli kwenye maji) kila nusu saa. Kasi ya kuota ikianza kushuka, andika saa, kisha ngoja dakika 90.

Usiibane hatua hii. Swichi ya kupokea DNA ni protini ComK, inayotokana na jeni la comK. Bakteria akiwa ameshiba, protini CodY hulizuia jeni la comK, na ComK kidogo inayoponyoka hushikwa na protini MecA ikapelekwa kwa ClpCP, mashine ya kukata protini, kukatwakatwa. Seli zikisongamana, peptidi ComX hujaa nje. Protini ComP huihisi, huiamsha protini ComA, nayo huwasha jeni la comS. Protini yake, ComS, humng'ang'ania MecA, ComK inapona. Ikishapona hujiwasha yenyewe, kwa hiyo seli ama imewaka ama haijawaka, hakuna nusunusu. Zinazowaka ni kama 10–20% tu. (ComX ya Streptococcus pneumoniae ni protini nyingine kabisa, jina tu limegongana.)

3. Zimua mara 10 kwa chumvi zilezile zenye glukosi, bila kaseini, lakini zenye triptofani mikrogramu 5 kwa mililita, MgCl2 milimola 2.5, CaCl2 milimola 0.5. Tikisa saa moja.

4. Chukua mililita 1 ya seli, tia DNA mikrogramu 1, ngoja dakika 30.

5. Zungusha kwenye sentrifuji, osha mara mbili kwa chumvi, paka kwenye sahani isiyo na triptofani. Subiri siku 2. Pakeni pia seli bila DNA, na seli zilizopewa DNA iliyotiwa DNase (kimeng'enya kinachokata DNA).

MASWALI

— Sahani yangu isiyo na DNA imeota utando mwembamba.
Triptofani imebebwa, osha zaidi. Kama sahani zina kaseini, soma lebo: asidi huiharibu triptofani, kimeng'enya huiacha.

— DNA ni safi lakini sipati koloni hata moja.
Uliiyeyusha kwenye nini? EDTA hunyakua magnesiamu, na bila magnesiamu DNA haiingii. Tumia bafa ya Tris tupu.

— Plasmidi (duara dogo la DNA) je?
DNA huingia uzi mmoja mmoja. Molekuli ya plasmidi yenye nakala moja tu haina kipande cha kuirudisha duara, hivyo hupotea. Inayofaa ni iliyoungana nakala mbili au zaidi.

— NCIB 3610, aina nyingine ya B. subtilis, inakataa kabisa, hatua zilezile.
Ina plasmidi pBS32 yenye jeni la comI, inayoizuia mashine ya kuingizia DNA. Tafuta 3610 iliyoondolewa comI, au ibaki 168.