CPC imeshuka: kagua haya kabla hujaongeza tangazo hata moja

CPC (mapato kwa kila mbofyo) unayoiona kwenye ripoti ya AdSense, huduma ya Google inayowalipa wenye tovuti kwa matangazo, si bei iliyopangwa na mtu. Ni jibu la kugawanya: mapato yote kwa idadi ya mibofyo. Ndiyo maana inaweza kushuka bila mtangazaji yeyote kupunguza hata senti, na inaweza kupanda huku wewe unapoteza hela. Wenye tovuti wengi hapa Dar wakiona imeshuka hukimbilia kuongeza matangazo, na hapo ndipo hasara ya kweli inapoanza.

Mfumo wenyewe pia umebadilika. Nafasi za matangazo huuzwa kwa mnada kati ya watangazaji. Mwaka 2021 mnada huo wa AdSense ulihamia kwenye bei ya kwanza: anayeshinda analipa dau alilotaja, badala ya kulipa kidogo tu juu ya dau la aliyemfuata, hivyo wanunuzi wakawa waangalifu zaidi wanapotaja dau. Kisha mwanzoni mwa 2024 matangazo ya kwenye makala yakaanza kulipwa kwa kuonyeshwa, si kwa kubofywa. Mwenye tovuti hubaki na 80% ya kinachosalia baada ya jukwaa la mtangazaji kukata ada yake. Tangazo likinunuliwa kupitia Google Ads, jukwaa la Google kwa watangazaji, kwa wastani hiyo ni sawa na 68% ileile ya zamani. Kwa hiyo CPC ya leo na ile ya 2019 hazilinganishiki. Namba ya kuifuatilia ni RPM, yaani mapato gawanya kwa kurasa zilizofunguliwa, zidisha kwa 1,000.

Anza kwa kugawa ripoti kwa nchi

Chukua siku 28 zilizopita, zilinganishe na siku 28 za kabla yake. Namba hiyo ina sababu: ni wiki nne kamili, kila upande una Jumatatu nne na Jumapili nne. Siku ya leo iache nje. Ripoti kwa kawaida hufuata saa za Pasifiki za Marekani, ambako siku hubadilika ikiwa kwetu ni saa 4 asubuhi (au saa 5, wakati saa zao zimerudishwa nyuma). Anayechungulia mapato saa 3 usiku anatazama siku ambayo haijafika hata nusu.

Sasa gawa kwa nchi. Tuseme mwezi uliopita ulipata mibofyo 150 kutoka Tanzania yenye thamani ya senti 3 za dola kila mmoja, na 50 kutoka Uingereza na Marekani yenye thamani ya senti 15. Jumla ni dola 12 kwa mibofyo 200, CPC senti 6. Mwezi huu mibofyo ya Tanzania imefika 600, ya nje imebaki 50, na thamani kila upande ni ileile. Umepata dola 25.50, zaidi ya mara mbili ya awali, lakini CPC imeporomoka hadi chini ya senti 4. Hakuna kilichoharibika hapo. Anayebomoa mpangilio wake kwa ajili ya namba hiyo anajiumiza bure.

Hali hii huwapata sana wanaoandika habari za elimu. Matokeo ya kidato cha nne ya NECTA hutangazwa mwezi Januari, wasomaji wanafurika kwa simu, wanafungua ukurasa mmoja na kuondoka. Januari hiyohiyo bajeti za watangazaji duniani ndiyo kwanza zimefunguliwa upya, matumizi yakiwa bado madogo, baada ya kutumika kwa wingi Novemba na Desemba. Mambo mawili yanakutana wiki moja. Linganisha Januari na Januari iliyopita, kamwe si na Desemba.

Kama unahesabu kwa shilingi, rudi kwenye dola kwanza. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipoimarika, dola zilezile zilileta shilingi chache zaidi, na ukiangalia salio la benki peke yake ungedhani matangazo yameshuka.

Iwapo thamani imeshuka ndani ya nchi mojamoja, hapo kuna tatizo la kutafuta. Ikiwa ni Uingereza na nchi za Ulaya pekee, sababu ya kwanza kukagua ni ridhaa, yaani ruhusa ya msomaji ya kutumia data zake kwa matangazo. Tangu 16 Januari 2024, ili kuwaonyesha wasomaji wa huko matangazo yanayowalenga, lazima tovuti itumie zana ya ridhaa iliyothibitishwa na Google. Ukikosa, wanaletewa matangazo ya jumla ambayo wanunuzi hutajia dau dogo. Ndugu zetu walioko London na Berlin ni wachache kwenye ripoti, lakini ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mapato ya tovuti nyingi za Kiswahili. Ndani ya AdSense kuna sehemu ya faragha na ujumbe. Tengeneza ujumbe wa ridhaa huko na uuchapishe. Hailipiwi.

Mibofyo mingi, thamani ndogo

Hili ndilo linalostahili muda wako mwingi. Ukiona kiwango cha kubofya kimeruka, tuseme kutoka 1% hadi 4%, huku CPC ikishuka, na hali hiyo iko kwenye simu tu, karibu hakika watu wanabofya kwa bahati mbaya. Mtangazaji anapima kinachofuata baada ya kubofya: je, mtu amekaa, amejisajili, amenunua? Aliyeguswa na tangazo wakati anatafuta kitufe cha kupakua hurudi nyuma sekunde ileile. Tangu 2004 Google imekuwa na utaratibu wa kupunguza bei ya mibofyo isiyoelekea kuleta matokeo. Ikizidi, tangazo lako linaweza kuwekewa hatua ya pili ya kuthibitisha, ambapo msomaji anatakiwa kubofya tena ndipo aende kwa mtangazaji.

Chukua simu ya bei ya kawaida, zima Wi-Fi, fungua tovuti yako kwa bando mahali mtandao unaposuasua. Usiguse tangazo, tazama tu. Maandishi yakiruka kwenda chini tangazo linapochelewa kuingia, umeshaona chanzo: kidole kilikuwa kinaelekea kwenye kiungo, kikaangukia tangazo. Dawa ni kulitengea tangazo nafasi mapema. Boksi linalobeba tangazo la 300×250 lipe kimo cha chini cha pikseli 250; kama linaruhusu 336×280, lipe 280. Mruko wa ukurasa hupimwa kwa kipimo cha CLS, nacho kisizidi 0.1.

Kisha ondoa tangazo lolote linalogusana na vitufe vya kupakua, menyu au namba za kurasa. Tovuti za mitihani iliyopita zina kasoro hii mno: tangazo limekaa juu kabisa ya kitufe cha kupakua PDF. Lipandishe hadi katikati ya maelezo, kati ya aya mbili zilizokamilika.

Tangazo lisiloonekana nalo linashusha bei. Linahesabiwa limeonekana pale angalau 50% ya eneo lake limekaa kwenye skrini kwa sekunde 1 mfululizo. Pitia nafasi zako mojamoja. Ambayo matangazo yake yanaonekana chini ya 40% ya mara zote, iondoe au ihamishe. Matangazo yanayojipanga yenyewe hupenda kujaza ukurasa, kwa hiyo punguza wingi wake kwenye mipangilio. Nafasi ya saba ya ukurasa huwa inauzwa kwa dau la mabaki.

Makundi ya WhatsApp ya kubofyana matangazo, kaa nayo mbali kabisa. Mibofyo ile hukatwa kwenye mapato, watangazaji hurudishiwa hela zao, akaunti huwekewa kikomo cha matangazo na mwisho hufungwa. Hata mdogo wako anayetaka kukusaidia kwa nia njema, mkataze.

Yanayokaguliwa kwa dakika kumi

Andika anwani ya tovuti yako kwenye kivinjari, ongeza /ads.txt mwishoni. Hii ni faili inayotaja nani anaruhusiwa kuuza matangazo ya tovuti yako. Lazima uone mstari huu, wenye namba yako ya pub (namba ya akaunti yako ya AdSense):

google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0

Faili ikikosekana, au namba ikikosewa hata tarakimu moja, wanunuzi wengi hawataji dau kabisa na mnada unabaki na watu wachache. Hitilafu hii hutokea sana baada ya kuhamisha tovuti kwenda seva mpya.

Pitia pia orodha ya watangazaji na makundi uliyoyazuia. Kila unachokizuia ni mshindani mmoja aliyetolewa mnadani. Fungua ulivyozuia zamani bila sababu. Kamari ni jambo jingine: kama wasomaji wako ni wanafunzi, iache imezuiwa na ukubali punguzo hilo.

Unaporekebisha, badilisha kitu kimoja, kiache wiki mbili kamili, andika tarehe kwenye daftari, kisha soma RPM ya nchi ileile na kifaa kilekile. Ukigusa nafasi za matangazo, ridhaa na vizuizi siku moja, RPM ikipanda hutajua ni lipi lililoipandisha, na ikishuka hutajua urudishe lipi.