SOMO: Jinsi ya kupima kama mbu wa dengi wameshakuwa sugu kwa dawa (hatua kwa hatua, maswali yapo chini)

Wadau, kila dawa ikipulizwa na mbu wakaonekana tena kesho yake utasikia "hawa wameshakuwa sugu", basi dawa inabadilishwa, dozi inaongezwa, na hakuna hata mmoja aliyepima. Somo hili ni la kupima. Naongelea Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, ndio huyo anayesambaza dengi (kidingapopo), chikungunya, Zika na homa ya manjano. Wa malaria ana mambo yake, msimchanganye humu ingawa vifaa vinafanana.

Kabla hujagusa kifaa chochote, elewa kwamba mbu kuonekana baada ya kupuliza sio ushahidi wa usugu. Dawa ya moshi inamuua mbu ikimgusa wakati uleule ipo hewani, na huyu Aedes anapenda kujificha ndani, chini ya kitanda, nyuma ya nguo zilizotundikwa, sasa gari limepita barabarani milango imefungwa, hiyo dawa imemkuta nani? Halafu pupa (kiluwiluwi anayekaribia kuwa mbu) walioko kwenye ndoo hata hawajui kama kuna kitu kimepita, kesho wanatoka mbu wapya kabisa. Chunguza upulizaji kwanza. Ukiona kazi ilifanyika vizuri na bado wapo, ndio tuanze.

Hatua ya 1, kusanya mayai. Chombo cheusi, maji nusu, ndani zungushia karatasi ngumu au kitambaa chenye ukwaruzo, jike anataga pale maji yanapogusana na karatasi, utaona vidoti vyeusi vidogo kama baruti. Weka mitego mingi na itawanye, maana ukichukua mayai ya chombo kimoja unaweza kujikuta unapima ukoo wa mama mmoja halafu unatangaza matokeo ya mtaa mzima.

Hatua ya 2, walee. Zamisha karatasi kwenye maji, viluwiluwi wakitoka wape chakula cha samaki kidogo kidogo. Kwenye joto la kawaida la maabara, kama nyuzi 27 hivi, ndani ya wiki na ushee unapata mbu. Usiwasonge! Viluwiluwi wakibanana wanatoka mbu wadogo dhaifu, hao watakufa kwa dawa yoyote na utasema dawa bado nzima kumbe umeua wagonjwa. Na wavu wa kizimba ukague, hawa ni mbu kutoka nje na mama anaweza kurithisha virusi kwa mayai.

Hatua ya 3, chagua wa kupima. Majike tu, umri siku 3 mpaka 5, wasiokunywa damu, walioshiba maji ya sukari.

Hatua ya 4 ndio kipimo chenyewe, hapa twende taratibu. Mirija ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ina alama za rangi: nyekundu ni ya dawa, njano ya kulinganishia (karatasi yake ina mafuta tu bila dawa), kijani ya kupumzikia. Unahitaji nyekundu 4, njano 2, kijani 6. Karatasi za dawa zimetoka kwenye friji, ziache zipate joto la chumba kwanza. Ingiza mbu 20 hadi 25 kwenye kila mrija wa kijani, waache saa moja, anayelegea mtoe kabla hujaanza maana huyo aliumia wakati unamkamata. Kisha fungua kile kilango cha kuteleza katikati, wapulizie pumzi polepole waingie upande wa dawa, funga, simamisha mirija wima, saa moja kamili. Anza na njano halafu nyekundu, usije ukapeleka dawa kwa wa kulinganishia kwa mikono yako mwenyewe.

Saa ikiisha andika wangapi wameanguka. Warudishe kijani, waliolala chini nao, weka pamba yenye maji ya sukari asilimia 10 juu ya wavu, na usubiri saa 24. Hizo saa 24 ndio roho ya kipimo. Utaona mbu yuko chali anachezesha miguu, unamwandika ameisha, kesho asubuhi amesimama ukutani anajisafisha antena kana kwamba hakuna kilichotokea. Anayehesabika amekufa ni yule asiyeweza kusimama wala kuruka sawasawa baada ya hizo saa 24.

Hatua ya 5, hesabu. Waliokufa asilimia 98 na kuendelea, dawa bado inawaweza. Asilimia 90 hadi 97, kuna shaka, rudia. Chini ya 90, usugu umethibitika. Ila angalia njano kwanza: wakifa 20% au zaidi huko, tupa kipimo chote anza upya. Wakifa kati ya 5 na 20 rekebisha kwa kanuni ya Abbott ya mwaka 1925, yaani toa vifo vya njano kwenye vifo vya nyekundu, gawanya kwa (100 kutoa vifo vya njano), zidisha kwa 100. Mfano nyekundu 84%, njano 10%: 74 gawanya kwa 90, unapata 82%. Sugu.

Hatua ya 6, tafuta sababu. Usugu una njia nyingi, mbili ndio kubwa. Ya kwanza ni kitasa kubadilishwa: pairethroidi (zile zenye asili ya ua la pareto) zinashika mlango wa sodiamu kwenye neva ya mbu, jeni ya huo mlango ikibadilika kidogo, mfano lile badiliko linaloitwa F1534C au V1016G, dawa inafika lakini haishiki. Hili unalijua kwa PCR (kipimo cha vinasaba), mguu mmoja wa mbu unatosha. Ya pili, mbu anazalisha vimeng'enya vingi vinavyoivunja dawa kabla haijafika popote. Kuijua, waweke kwanza saa moja kwenye karatasi ya PBO (piperonyl butoxide) asilimia 4, kemikali inayozima sehemu kubwa ya hivyo vimeng'enya, halafu ndio dawa. Vifo vikipanda kutoka 60 kwenda 98, umempata mhusika. Vikipanda nusunusu basi njia zote mbili zipo, na hiyo ndio hali ya kawaida kwa huyu mbu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu asante kwa somo. Kwa nini tusiongeze tu dozi mambo yaishe?

Jibu: Ndio maana kuna karatasi za nguvu mara 5 na mara 10 ya ile ya kawaida, upime ukali wa usugu. Wakifa 98% kwenye mara 5, usugu ni mdogo. Wakivuka mara 5 wakafia mara 10 ni wa kati, wakipona hata mara 10 hapo hiyo dawa achana nayo. Lakini hicho ni kipimo, sio ruhusa ya kupuliza mara 10 kwenye nyumba za watu. Na ukizidisha dozi unawamaliza wenye jeni ya usugu ya upande mmoja, wanabaki wenye jeni ya baba na mama, hao ndio wanaozaana.

Swali: Sisi tulikuwa na permethrin tukahamia deltamethrin, hiyo si ndio kuzungusha dawa?

Jibu: Hapana ndugu, zote ni pairethroidi, mlango uleule. Hata DDT inagonga palepale. Aedes walishaonyesha usugu kwa DDT visiwa vya Karibi tangu miaka ya 1950, wakati nchi za Amerika zinapambana kumfuta kabisa. Kuzungusha ni kuhama kundi, mfano kwenda oganofosfeti, zenyewe zinashambulia kimeng'enya kingine kabisa cha neva. Na hiyo nayo upime kabla ya kununua.

Swali: Na dawa ya kwenye maji? Tunatumia temephos miaka yote.

Jibu: Temephos ni oganofosfeti, na usugu wake umeshaonekana nchi nyingi, Brazil ni mfano mzuri. Viluwiluwi wana kipimo chao, wanawekwa kwenye maji yenye dawa sio kwenye mirija hii. Mimi ningeenda Bti, ile ya bakteria, ina sumu kadhaa zinazofanya kazi kwa pamoja kwa hiyo mbu anapata shida kuzikwepa zote kwa mpigo. Ubaya wake haidumu sana kwenye maji, lazima urudie. Vyombo unavyoweza kumwaga na kusugua, mwaga na usugue, hakuna mbu aliye sugu kwa brashi.

Swali: naweza kutumia mbu nliowakamata wakija kuning'ata? kulea mayai ni kazi kubwa aisee

Jibu: Umri wao huujui, na usugu unapungua mbu anavyozeeka, kwa hiyo bibi atakufa kwenye dawa ambayo mjukuu angepona. Aliyekunywa damu naye anavumilia tofauti. Matokeo utapata ila hayalinganishiki na ya mtu yeyote.

Swali: Mbu wote wamepona, 0% wamekufa. Hii inawezekana?

Jibu: Inawezekana lakini kwanza shuku karatasi. Imetumika mara ngapi? Ikizidi mara 6 itupe. Njia nzuri ni kupima karatasi hiyohiyo kwa mbu wa maabara wasio na usugu, wale wa ukoo wa Rockefeller wanaofugwa maabara nyingi duniani. Wakipona na hao, shida ni karatasi.

Swali: Karatasi yangu ya mayai imekauka ipo kwenye droo tangu mwezi uliopita, niitupe?

Jibu: Usiitupe, mayai ya Aedes yanakaa makavu miezi na bado yanaanguliwa. Chemsha maji, yaache yapoe kwenye chombo kilichofunikwa yabaki na oksijeni kidogo, halafu zamisha karatasi. Wengi watatoka ndani ya saa chache, wakichelewa kausha tena zamisha mara ya pili.