Baridi ya Isyonje, joto la Kyela: uvae nini juu ya baiskeli

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Uyole, Mbeya, na Jumapili mbili kila mwezi nakifunga nikanyonge baiskeli kwenda Tukuyu. Mara chache, miguu ikikubali, nafika Kyela na kurudi kwa basi. Wateja wangu wengi siku hizi ni vijana wa baiskeli za mashindano wanaoleta mitumba niwapunguzie, na swali lao ni lilelile: nivae nini asubuhi? Wanauliza hivyo kwa sababu barabara hii haina hali ya hewa moja. Unatoka Uyole kwenye baridi, unapanda milima ya Uporoto hadi Isyonje, juu ya mita 2,000, mara nyingi ndani ya ukungu. Unashuka Isongole na Kiwira, unaingia Tukuyu ambako mvua haiombi ruhusa, kisha unaporomoka hadi Kyela, mita kama 500 tu, kwenye mpunga, kokoa na jasho. Hewa hupoa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo siku hiyohiyo moja unapishana na nyuzi karibu kumi, na hapo sijahesabu upepo wala kulowa.

Nilijifunza kwa fulana ya pamba. Ilikuwa Julai, kipupwe kimekolea, nikavaa fulana nyeupe nzito na juu yake sweta nene kama la bodaboda. Kufika nusu ya mlima nachuruzika jasho, nikavua sweta nikalifunga kiunoni (usifanye hivyo kamwe, mkono wa sweta ukiingia kwenye tairi la nyuma unalala barabarani). Juu Isyonje nikajiona shujaa, nikaachia baiskeli ishuke. Haikuchukua dakika tano vidole vikakataa kubana breki. Navitazama, naviamuru, havikunjiki. Nikajisogeza pembeni kwa kuburuza kiatu mpaka kwenye meza ya mama mmoja anayeuza viazi. Akanitazama tangu kichwani hadi miguuni, akauliza: "Mwanangu, umeoga na nguo?" Akanisogezea jiko la mkaa na chai ya tangawizi. Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, mama, unanidai deni la maisha yangu.

Pale jikoni ndipo nilipoelewa kwamba kilichonitesa hakikuwa mvua, maana mvua haikunyesha. Lilikuwa jasho langu mwenyewe. Ukipanda, mwili ni jiko, na pamba inakunywa jasho lote na kulishikilia. Ukianza kushuka hunyongi tena, jiko limezimwa, na upepo wa kilomita 50 kwa saa unapiga kwenye kitambaa kilicholowa. Bodaboda anavaa jaketi zito kwa sababu injini ni ya pikipiki. Kwenye baiskeli injini ni wewe, na inawaka na kuzimika kila mlima na mteremko. Ndiyo maana nguo moja nene haifai. Unahitaji nyembamba tatu unazoweza kuzivaa na kuzivua pembeni ya barabara bila kuhangaika.

Ya kwanza ni ile inayogusa ngozi. Kazi yake ni kuondoa jasho mwilini, si kukupa joto. Singlendi ya kitambaa cha jezi, ile yenye vitundu, inatosha kabisa, na iwe ya kubana. Ikilegea inakaa na jasho kama kitambaa cha kudekia. Kwenye kipupwe mimi navaa singlendi ya sufu nyembamba niliyoiokota kwenye rundo la mitumba sokoni Mwanjelwa, maana sufu hata ikilowa bado inatunza joto kiasi. Watu wanaipita kwa sababu inaonekana ya kizee. Waache waipite.

Ya pili ni jezi ya baiskeli yenyewe, na hapa nasema kama fundi: angalia zipu kabla ya rangi. Zipu ishuke mpaka chini, isiishie kifuani. Zipu ndiyo gia ya nguo. Ukianza mlima unaifungua, ukikaribia kilele unaipandisha, na hujashuka kwenye baiskeli. Kwenye kishikizo cha zipu funga kamba ya kiatu urefu wa kidole, ili uipate ukiwa na glovu. Mteja akiniletea jezi nzuri yenye zipu fupi, naikata mbele na kushona ndefu. Ni kazi ya nusu saa.

Ya tatu inakaa mfukoni. Ni jaketi jepesi la parachuti, lile linalokunjwa likawa ngumi. Langu nililinunua shilingi 3,000, zamani lilikuwa la mzungu mkimbiaji, nadhani. Hili ndilo watu wanalikosea zaidi, wanachagua zito wakidhani ndilo litakalofanya kazi. Unachokitaka ni kuzuia upepo kifuani tu. Mgongoni jasho litafute njia ya kutoka. Nililikata langu kipande cha mgongoni, kutoka chini ya mabega hadi kiunoni, nikaweka neti ya jezi. Sasa mbele ni ukuta na nyuma ni dirisha.

Kwenye rundo la mitumba hakuna anayekuambia kitambaa ni nini, na vibandiko vingi vimekatwa. Nina vipimo vyangu. Weka kitambaa mdomoni, kibane na midomo, upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita bila shida, upepo wa Isyonje nao utapita. Isipopita kabisa, jua kwamba jasho nalo halitatoka, kwa hiyo iwe nguo ya mfukoni tu, si ya kuvaa mlimani. Pili, nachovya kidole kwenye chupa ya maji nadondosha tone begani. Likisimama kama shanga, koti bado lina dawa yake ya kuzuia maji. Likizama papo hapo, hilo ni jaketi la upepo, lipe bei ya upepo. Geuza na ndani uangalie mishono. Makoti ya mvua ya kweli yamebandikwa utepe juu ya mshono, na ule wa mitumba mara nyingi umeanza kubanduka kwapani. Ukibanduka kidogo nabandika upya, lakini ukiwa unapukutika kama ngozi ya nyoka, rudisha.

Kama bado una shaka, chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, ununue kwanza ili usigombane na mwenye meza, ukauchome nyumbani. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Sufu inanuka nywele. Poliesta na nailoni zinayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kidonge ndicho unachokitaka kwenye jezi, nywele kwenye singlendi ya kipupwe, na karatasi uipeleke nyumbani ikawe ya kulalia.

Halafu jaribu nguo ukiwa umeinama. Watu wanasimama wima mbele ya kioo, wanapendeza, wanalipa. Juu ya baiskeli hausimami wima. Inama kama unayefunga kamba za viatu na unyooshe mikono mbele. Mgongo ukiwa nje nguo ni fupi, na mikono ikirudi nyuma ya kifundo itakuletea baridi kwenye mishipa. Mimi naongeza shubiri moja nyuma na kupunguza mbele, maana mbele ikiwa ndefu inajikunja tumboni na kugeuka mfuko wa kukusanya mvua.

Mikono na miguu ina nguo zake zenyewe. Usinunue jezi ya mikono mirefu ukiwa na jezi moja tu. Chukua soksi ndefu za mpira wa miguu, zile za goti, kata sehemu ya mguu, pindia ukingo na lastiki laini, umepata mikono ya kuvaa na kuvua. Zinagharimu bei ya soksi. Ukipata joto unazisukuma mpaka kifundoni, zikizidi unazitia mfukoni. Magoti nayafunika asubuhi yoyote yenye ukungu kwa skintaiti iliyokatwa chini ya goti, kwa sababu goti halina nyama ya kulipasha, na goti baridi linalolazimishwa mlima linakuja kulalamika jioni. Chini ni bukta yenye sponji, na ndani yake hakuna nguo nyingine. Wanaonielewa wameshanielewa.

Vidole ndivyo vinavyoshika breki, kwa hiyo glovu si urembo. Glovu nyembamba za vidole vizima zinatosha. Zile nene za manyoya zinakufanya usijue umebana breki kiasi gani. Miguuni, zamani tulivaa mfuko wa rambo juu ya soksi kabla ya kiatu. Mifuko ile ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na sioni ubaya, mitaro ya Uyole ilikuwa imeziba. Mfuko wa mkate bado upo na unafanya kazi ileile: soksi, mkate, kiatu. Utachekwa kituoni, lakini vidole vitakuwepo.

Sasa siku yenyewe. Natoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na nataka nisikie baridi kidogo ninapofunga mlango. Ukitoka ukiwa na raha, kufika Igawilo utakuwa unachemka. Singlendi, jezi, soksi za mikono, magoti yamefunikwa, jaketi mfukoni. Mlima ukianza naifungua zipu kabla jasho halijaanza. Hapo ndipo wengi wanachelewa, wanasubiri mpaka walowe ndipo wafungue, na jasho lililokwisha kuingia kwenye nguo halirudi.

Isyonje, kwenye njia panda ya Kitulo, nasimama. Hata kama nimeongozana na vijana wenye haraka, nasimama. Navaa jaketi pale pale nikiwa bado na joto, kabla ya mteremko, maana joto hilo ndilo nitakaloshuka nalo. Singlendi ikiwa imelowa sana naibadilisha nyuma ya kibanda cha viazi. Na kama sikubeba jaketi, nanunua gazeti. Nalikunja mara mbili na kuliingiza chini ya jezi, kuanzia shingoni hadi tumboni. Waendesha baiskeli za mashindano wa Ulaya walikuwa wakipokea magazeti kwa watazamaji vileleni kwa kazi hiyohiyo. Karatasi inazuia upepo ajabu, na ukifika Kiwira unalitoa ukasome ya michezo, kama wino haujahamia kifuani.

Kwenye ukungu wa huko juu kuna jambo moja lisilohusu joto. Malori ya mpakani yanapita hapo usiku na mchana, na dereva wa semi hakuoni mpaka akufikie. Jaketi jeusi liache nyumbani. Mimi nimekata kizibao cha reflekta cha bodaboda nikashona mikanda yake mgongoni na kwenye vifundo vya miguu. Mguu unaopanda na kushuka unaonekana mapema kuliko mgongo uliotulia.

Kiwira navua jaketi. Kipande cha kupanda kuingia Tukuyu kitakuchemsha, na mara nyingi mvua inakukuta hapo hapo, kati ya chai na migomba. Swali la mvua jibu langu linawaudhi watu: ukiwa unapanda na hewa ni vuguvugu, usivae koti la mvua. Utalowa kwa ndani badala ya nje, na la ndani lina chumvi. Loa tu, endelea kunyonga, weka koti kwa ajili ya mteremko. Kofia ya kapelo chini ya helmeti ndiyo naivaa mara moja, ile pembe yake inazuia maji machoni. Na breki zikilowa zinachelewa kukamata, kwa hiyo zibane kidogo kidogo mapema kabla ya kona.

Baada ya kupita Ushirika, chini ya Tukuyu, unaanza kuvua mpaka hakuna cha kuvua. Soksi za mikono, za magoti, glovu, vyote mfukoni, zipu mpaka kitovuni. Hapa ndipo utajua kama nguo zako zilikuwa nyepesi kweli, maana sasa unazibeba wewe. Mifuko mitatu ya mgongoni ikijaa mpaka jezi inaning'inia kama mkia wa kondoo, ulibeba vingi.

Fulana moja ya pamba naruhusu, iliyofungwa ndani ya mfuko wa pili wa mkate. Hiyo ni ya basi la kurudi. Baiskeli inafungwa juu, wewe umekaa dirishani, na basi litapita tena Isyonje jioni, dirisha la mbele yako likiwa limegoma kufunga.