Koleo kwanza, chumvi baadaye
Kabla ya kushika chumvi ya kuyeyusha barafu njiani, shika koleo la kuzolea theluji. Theluji ikizolewa mapema haipati nafasi ya kuganda. Kisha nyunyiza kidogo: mimi hutumia kikombe kimoja cha kahawa kwa mita 6 hivi za njia ya gari, chembe zikiachana. Baridi ikipita nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi huyeyusha polepole mno. Hapo namwaga mchanga, miguu ipate kushika.

Naibania chumvi kwa sababu niliona ua wangu wa mimea ukikauka upande wa barabarani tu, kunakomwagwa chumvi, ncha za majani zikiwa kahawia kama zilizoungua. Kloridi iliyo ndani ya chumvi haiozi, huteremka hadi mitoni na visimani. Njia ikikauka, fagia chembe zilizobaki uzitumie tena. Mbwa naye aoshwe nyayo.