Mteja akighairi dakika za mwisho: namna ya kupanga advansi ya msusi

Mteja wa rasta ndogondogo akighairi Jumamosi saa mbili asubuhi, siku yako imeshaondoka. Kichwa kile kingekula saa tano au sita, na mteja wa kupita njia wa kuziba pengo hilo humpati. Wasusi wenzangu, faini ya kughairi ikatwe kwenye pesa uliyokwisha kuishika, yaani advansi anayotanguliza mteja kushika nafasi. Ile ya kudai baadaye kwa simu hailipwi, na mteja unampoteza.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya hasara

Tuseme msuko ni Sh 60,000, nywele ukiweka wewe. Nywele 20,000, msaidizi 10,000, inayobaki 30,000 ni ya mikono yako. Mteja asipotokea, nywele nyeusi utamsukia mwingine, lakini msaidizi aliyekwishafika anataka chake na muda wako haurudi. Hapo advansi ya 20,000 inatosha: inamlipa msaidizi, inakufuta jasho kidogo, na haimtishi mteja. Akitaka rangi ya kuagiza ambayo haina wateja wengi, atangulize na bei yote ya nywele.

Usidai bei nzima kwa hasira. Kwa Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 74, inasema hata kama mlitaja kiasi cha faini, mahakama itatoa fidia inayostahili tu, isiyozidi kiasi hicho. Kwa 20,000 hakuna atakayefika mahakamani, ila mimi naiona ni haki: kata kinacholingana na ulichopoteza.

Hatua ya 2: Weka mipaka ya muda

- Akighairi saa 48 kabla au zaidi: advansi inahamia siku nyingine, au inarudi, ukitoa makato ya kutuma.
- Chini ya saa 48: nusu inabaki kwako.
- Siku yenyewe, au asipotokea kabisa: yote inabaki.

Wiki ya Idi, ya Krismasi na ile ya kufungua shule, ifanye saa 72. Siku hizo unakuwa umewakataa wengine kwa ajili yake.

Hatua ya 3: Akubali kabla ya kutuma pesa

Hapa ndipo wengi wanapopuuza. Andika ujumbe mmoja, uuhifadhi kwenye WhatsApp, umtumie kila mteja bila kumbagua rafiki wala ndugu:

*"Habari dada. Nafasi yako ni Jumamosi saa 3 asubuhi, rasta ndogondogo, Sh 60,000. Advansi ni 20,000, itatolewa kwenye bei. Ukighairi chini ya saa 48 nabaki na 10,000. Siku yenyewe nabaki na yote. Kama sawa, jibu NIMEKUBALI kisha nikutumie namba ya kulipia."*

Jibu lake litangulie, pesa ifuate. Akija kudai kwamba alituma kimakosa na anataka muamala urudishwe, una maandishi yake na ujumbe wa malipo.

Hatua ya 4: Mkumbushe mapema

Kumbusha siku tatu kabla (nne kwenye zile wiki za saa 72), angali na uhuru wa kughairi bila kukatwa. Ukimkumbusha usiku wa kuamkia siku yenyewe, umemtega.

Hatua ya 5: Akighairi

Jibu kwa upole na kwa kifupi: *"Pole dada, nimeelewa. Kama tulivyokubaliana, 10,000 inabaki, 10,000 nakurudishia sasa hivi."* Kisha irudishe kweli, saa hiyohiyo. Usibishane wala usitume sauti ndefu.

Msiba au ugonjwa, usiombe ushahidi. Mpe pole, hamishia advansi yote siku nyingine.

Halafu tangaza nafasi kwenye status na uwapigie uliowaandika kwenye orodha ya akiba. Kiti kikipata mtu wa muda uleule, mwenye advansi mrudishie chake chote, maana hasara haikutokea.