Bakuli la karatasi: namna ninavyowafundisha Rawls na Nozick

Usianze na ubao. Nafundisha Kidato cha Tano hapa Tanga, na kila nilipoanza kwa kuandika "Haki ni nini?" nilijibiwa maneno ya kukariri. Siku hizi naanza na bakuli.

Kata vikaratasi, kila kimoja uandike mtu: mjane mwenye watoto wanne, mwenye lori mbili, kijana asiyeona, mkulima wa machungwa, mtoto wa diwani. Vikunje, vitie bakulini, funika kwa kitambaa. Kabla hawajachomoa, darasa zima liandike kanuni za kijiji: kodi alipe nani na kiasi gani, kisima kichimbwe kwa fedha za nani, zahanati iwe ya bure au la. Dakika ishirini, na asichungulie mtu. Hilo ndilo pazia la kutojua alilolieleza mwanafalsafa Mmarekani John Rawls mwaka 1971: tunga sheria ukiwa hujui utaamkia nafasi ya nani.

Wakichomoa, wewe nyamaza. Mwaka jana binti aliyekuwa ameshikilia kodi iwe sawa kwa kila kichwa alikunjua kikaratasi cha mjane. Alikisoma mara mbili, kisha akaomba kalamu. Baada ya hapo ndipo ueleze kwamba Rawls hakukataa watu kuzidiana kipato. Alitaka kwanza uhuru wa kila mtu ulindwe, halafu tofauti iliyobaki imnufaishe aliye chini kabisa.

Walimu wengi huishia hapo, na ni kumwonea Robert Nozick, mwanafalsafa mwenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyemjibu mwaka 1974. Mpe kipindi kizima. Simulia mfano wake wa mcheza kikapu Wilt Chamberlain: gawa mali vyovyote upendavyo, kisha watazamaji milioni moja, kwa hiari yao, watie senti 25 kila mmoja katika kisanduku chake. Sasa ana dola 250,000. Nani kadhulumiwa? Kwa Nozick, kazi ya serikali ni kuzuia mabavu, wizi na utapeli, na kuhakikisha mikataba inatimizwa. Kodi ya jasho la mtu aliiona haina tofauti na kazi ya shuruti. Mimi hupitisha kopo, wanafunzi watie sarafu zao wenyewe. Hoja huwaingia mkononi kabla ya kichwani.

Wakishaanza kumkubali, uliza mali ya kwanza ilipatikanaje. Watu humsoma kama wakili wa matajiri, wakairuka kanuni yake ya tatu. Mbili za kwanza ni kwamba mali ipatikane kwa haki na ihamishwe kwa hiari; ya tatu, kilichopatikana kwa dhuluma kirekebishwe. Kwetu swali hili lina udongo wake. Mwaka 1895 Wajerumani walitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao, na wao ndio walioamua ipi haina mwenyewe. Mkonge ukapandwa. Je, aliyeuziwa shamba hilo baadaye, kwa hiari na kwa stakabadhi, ana haki nalo? Hapo usiwakatize hata kengele ikilia.

Mimi niko upande wa Rawls, na nawaambia hivyo kipindi kikiisha, kamwe si mwanzoni. Kazi ya nyumbani ni moja: nenda kwa babu au bibi, muulize shamba la ukoo lilipatikanaje, na kabla yenu lilikuwa la nani.