Kabla hujaanza sindano za mzio

Wengi wakiambiwa mzio wao unatibika kwa imunotherapi, yaani kuuzoesha mwili kitu kinachousumbua, hutegemea sindano tatu nne, basi. Sivyo. Mwanzo unachomwa karibu kila wiki kwa miezi kadhaa, dozi ikipandishwa kidogo kidogo. Kisha takriban mara moja kwa mwezi, hadi itimie miaka 3 mpaka 5. Kama unakaa Wete, Pemba, na kliniki yenyewe iko ng'ambo, piga hesabu ya nauli ya boti na pa kulala mapema, pamoja na siku za kusi bahari inapochafuka. Ukikosa zamu, mwambie daktari, maana huenda dozi ikashushwa.

Ujue pia unatibiwa mzio wa nini. Dawa hufuata kilichoonekana kwenye kipimo cha ngozi au damu: chavua, sumu ya nyuki, au utitiri wa vumbi, ambao hupenda unyevu kama wetu na hujaa kwenye magodoro na mito ya sufi. Moshi wa udi ni habari nyingine. Unaweza kukuwasha pua na kukubana kifua bila kuwa mzio, na sindano hizi hazikusaidii kitu hapo. Kabla ya kipimo cha ngozi, dawa za kutuliza mzio kama setirizini na piritoni huachwa siku kadhaa. Muulize daktari ngapi.

Usimfiche kitu: pumu isiyotulia, dawa za presha kama atenololi, mimba. Tiba haianzwi mtu akiwa mjamzito, ila aliyekwisha kuizoea mara nyingi huendelea nayo.

Mkono kuvimba na kuwasha kidogo ni kawaida. Cha kuogopwa ni mwili mzima kuchachamaa: pumzi kubana, presha kushuka. Ndiyo maana baada ya sindano unakaa palepale si chini ya dakika 30, na pasipo na adrenalini, dawa ya kukuokoa mwili ukichachamaa hivyo, usikubali kuchomwa, hata kama muuguzi ni shemeji yako.

Vipo vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Cha kwanza huwekwa mbele ya daktari, vingine nyumbani kila siku. Ramadhani panga naye viwe baada ya futari.

Nafuu huchukua miezi, na kwa wengi maana yake ni chafya na dawa kupungua, si kupona kabisa. Mwaka ukipita bila mabadiliko yoyote, una haki ya kuuliza kama kuna haja ya kuendelea.